Siku Nilipowaitia Wakwe Korongo

Hata leo nikipita kijiji cha Bahati kuna watu huniuliza kama nimebeba kiberiti, nami hucheka nao, ila moyoni naona aibu ileile ya mchana ule wa Machi, miaka ya hamsini, tulipokwenda kumposa Wambui.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya na diploma ya kilimo (kwa jasho langu, hakuna aliyenichangia hata nauli ya kufika Nakuru) na suti ya kijivu ambayo watoto waliifuata barabarani. Baba alinionya njiani, "Posa ni ya wazee. Wewe kaa, kula, nyamaza."

Tukaketi uani kwa Mzee Njoroge, baba yake Wambui, kule Bahati, na maneno yakaenda vizuri mpaka korongo weupe wakatua shamba la jirani, wakawa wanaifuata plau ya ng'ombe na kudonoa funza kila udongo ulipopinduka. Mzee akasema, kwa furaha tu, kwamba ndege hao hutoka ziwani kutuletea mvua. Hapo ilinipasa nimeze maneno yangu. Badala yake nikasimama, nikawaeleza wazee wa watu kwamba korongo hao wako safarini kurudi Ulaya, kwamba mimi nimeona viota vyao juu ya mapaa ya huko, kwamba wanashiba hapa ili wavuke jangwa.

"Kumbe mlisoma pamoja," akasema baba mdogo wa Wambui. "Na wao wana diploma?"

Ua mzima ukacheka, na kicheko kile kilinichoma, nikasema nitawaonyesha: korongo akiona moshi huufuata, maana anajua panzi wanakimbia moto.

"Keti, kijana!" Baba akanong'ona, lakini nilikuwa nimeshafika nyuma ya nyumba na kuwasha mabua makavu, kidogo tu, na upepo ukausukuma moto hadi kwenye uzio, kisha kwenye miganda yote ya nyasi ambayo akina mama walikuwa wamekata kuezekea nyumba mpya ya Mzee. Wazee wakapiga moto kwa makoti yao, wanawake wakaja mbio na maji, mimi nikaupiga kwa koti la suti mpaka nalo likashika moto.

Na korongo wakaja! Wakajipanga mbele ya moshi, wakitembea polepole kama wakaguzi, wakinyakua panzi mmoja mmoja.

"Tazameni!" nikapaza sauti (Mungu anisamehe, nilipaza sauti).

Aliyetazama ni Wambui peke yake, uso umejaa masizi, ndoo tupu mkononi.

"Ulisema kweli," akaniambia. "Lakini nani alikuuliza?"

Mzee Njoroge hakututukana. Alitupa maji ya kunawa, akatusindikiza hadi barabarani, na hakusema karibuni tena. Mvua zilipokwisha, Wambui aliolewa na seremala wa Gilgil.

Nimeapa sitamfundisha tena mtu aliyenikaribisha kwake. Nina nyumba ya mawe sasa, na shamba langu mwenyewe, na kila Machi korongo hushuka kula nyuma ya trekta, nami husimama kuwatazama mpaka waondoke, na sina wa kumwita aje aone.