Mkono Uliopima Cheche

Mara ya kwanza nilimpelekea fundi huyu pikapu iliyokuwa ikizima kila nikipanda mlima. Nilikwenda nimejiandaa kubishana naye bei, lakini hata hakunitazama. Alichomoa waya wa plagi, akashika ncha yake kwa vidole viwili, mkono wa pili akauegemeza kwenye bodi ya gari.

"Piga stata."

Nikapiga. Mkono wake ukaruka hadi begani. Akacheka.

"Moto upo, ila mchovu. Koili ikichemka inakata. Badilisha koili, bosi, plagi ziache."

Ilikuwa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo kila gari bovu nililotaka kununua lilipita kwanza mkononi mwa Cheche, maana ndilo jina alilojulikana nalo gereji nzima. Hakuna fundi pale aliyemiliki kipimo cha moto. Kuleta kipimo ingekuwa kumtukana mwenzao. Walimwita, akashika, akatamka, wakamlipa, na neno lake lilikuwa hukumu.

Mwaka jana alitoweka mwezi mzima. Aliporudi nilimkuta mkewe nje ya duka la vipuri, akanivuta pembeni.

"Shemeji, wamempasua kifuani, wakamwekea kimashine cha kuuendesha moyo. Daktari kasema akipigwa shoti tena anaweza asiamke. Usimwambie mtu. Wakijua hashiki waya, nani atamwita?"

Nikamwambia atulie, mdomo wangu una kufuli. Siri ya bure haipatikani kila siku.

Nilianza kumwangalia kwa makini. Sasa alishika kwenye mpira wa waya, mbali na ncha, kisha akautikisa mkono mwenyewe na kusaga meno. Wengine hawakushtuka. Alisikiliza stata, akabahatisha. Mara nyingi alipatia.

Ndipo mkunga mstaafu akaja na gari lake dogo, injini safi kabisa, limegoma kuwaka baada ya kuoshwa. Nililitaka tangu lilipoingia getini likivutwa. Nikamfuata Cheche nyuma ya kontena.

"Leo utasema koili imekufa, distribyuta imepasuka, na waya zote zimeoza."

"Bosi, lile limeingiwa na maji tu. Ukilikausha linawaka."

"Najua. Na kifua chako nakijua pia."

Alinikazia macho. "Mke wangu kakwambia?"

"Mimi nitanyamaza. Wewe tamka."

Akaenda, akashika mpira, akajitetemesha, akatamka. Yule mama akapiga hesabu ya matengenezo na pensheni yake, akakata tamaa, akaniuzia kwa bei ya skrepa, tukatia sahihi hati ya mauzo. Jioni hiyo nilifuta kifuniko cha distribyuta kwa kitambaa kikavu, na gari likawaka kwa stata moja.

Kosa langu lilikuwa kuliendesha mwenyewe. Siku ya nne mama aliniona, akapanda pikipiki, akanifuata hadi gereji. Mafundi wakakusanyika.

"Hilo lenye koili iliyokufa linakuja lenyewe?" aliuliza. Kisha akamgeukia Cheche. "Mwanangu, shika tena. Mbele yangu."

Cheche akashika mpira, akajitetemesha.

"Hapana. Nimezalisha nusu ya mji huu, mwenye uchungu na anayejisingizia nawajua. Shika pale kwenye chuma."

Cheche akanitazama mimi. Nilikuwa nimemwahidi kunyamaza, nikanyamaza.

Akaachia waya, akafungua vifungo vya shati, kovu likaonekana chini ya mtulinga. "Siwezi, mama. Nitakufa."

"Kumbe ulikuwa unatuchezea ngoma!" akadakia fundi mmoja wa rangi, na gereji yote ikaangua kicheko. Mama hakucheka. Alidai gari lake. Nikamwonyesha sahihi yake. Akaondoka kwa miguu.

Wiki iliyofuata mafundi walichanga wakanunua kipimo chenye taa. Kinawaka au hakiwaki, na hakidai malipo. Cheche sasa anasugua plagi kuukuu kwa msasa, kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya choo, na kila anayepita humwambia "Piga stata!" huku akitikisa mkono. Moyo wake unadunda vizuri, wanasema.

Gari nililiuza kwa faida nono. Mkewe tukikutana hupita upande wa pili wa barabara, na mimi kipimo cha moto nimelazimika kununua changu.