Somo Moja Mwezi wa Mei

Bashira alipanda ngazi za ofisi ya uandikishaji wa jeshi, huko Vuga, akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa ametoka hotelini Kiwengwa alfajiri, hakupata wasaa wa kupitia nyumbani Mtoni kubadilisha nguo. Bahasha yake tu ndiyo iliyokuwa haina doa. Ndani yake mlikuwa na barua ya sheha wa mtaa wao, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na vyeti viwili vya kidato cha sita.

Mkaguzi wa maombi alikuwa Mzee Ubwa, sajini mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unaomba uaskari au uofisa?"

"Uofisa."

"Basi tuanze na matokeo. Hayo mengine mapambo."

Akaviweka vile vyeti viwili ubavu kwa ubavu. Cha kwanza kilikuwa cha miaka mitano nyuma. Mwaka ule Fizikia ilimtia Bashira katika daraja la tatu, na uofisa ulitaka la pili. Cha pili kilikuwa cha mwaka huu, nacho kilikuwa na somo moja tu, Fizikia hiyohiyo, kwa alama B. Ukiiunganisha B hiyo na D zake mbili za zamani, za Kemia na Hisabati, pointi kumi na nne zinashuka hadi kumi, nazo pointi zikishuka daraja hupanda: kumi ni daraja la pili. Bashira alikuwa amezijumlisha pointi hizo mara nyingi mno, juu ya ngazi, mikono imeshika bisibisi.

"Hesabu yako sawa," alisema Mzee Ubwa. "Lakini hilo daraja la pili limeandikwa wapi?"

"Halikuandikwa, mzee. Linapatikana ukijumlisha."

"Tangazo linataka daraja la mtihani wa mwaka mmoja. Wewe umeniletea suti ya mtumba, koti la huyu na suruali ya yule."

Mstari huo wa tangazo Bashira alikuwa ameusoma, tena zaidi ya mara moja. Alitumai tu kwamba atatokea mtu wa kujumlisha.

"Kwa nini hukurudia yote matatu?"

"Mtihani huwa Mei. Mei ni masika, wageni washaondoka, na hoteli ndipo zinaposhusha viyoyozi vyote kuvisafisha. Fundi mkuu wetu, Majid, alinipa siku tatu. Akasema nikizidisha nisirudi."

"Na mwakani?"

"Mwakani umri utakuwa ushanipita."

Mzee Ubwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. Kisha akatoa fomu nyingine mtotoni mwa meza.

"Uaskari unataka mafundi. Hiki cheti chako cha majokofu watakipokea kwa mikono miwili. Lakini sikudanganyi, mwanangu. Ukiingia kwa mlango huu, ule mwingine ni mbali."

"Wewe uliutaka uofisa, mzee?"

"Niliutaka. Darasa langu halikutosha. Nimewapigia saluti vijana niliowafundisha mimi kufunga buti."

"Ukazoea?"

"Mkono ulizoea."

Bashira aliitazama ile fomu. Hakuwa na kilio. Alikuwa na uchovu ule wa mtu aliyepandisha mtambo mzito hadi ghorofa ya tatu, akaambiwa chumba sicho. Angeweza kurudi Kiwengwa, akavishusha viyoyozi vilevile kila Mei mpaka uzeeni. Akaomba kalamu.

Alijaza taratibu, herufi moja moja. Alipofika kwenye daraja la kidato cha sita, kalamu ilisimama kidogo. Kisha akaandika: la tatu.

"Itie na ile B," alisema Mzee Ubwa kwa sauti ya chini. "Pembeni hapo. Wasipoisoma, shauri yao."

"Fomu imekataza kuandika nje ya visanduku," alijibu Bashira, akatia saini.