Kibunduki Kilisema Mimi Mzima

Mimi nilikuwa mtu wa kutougua. Miaka yote ya kiwanda cha nyuzi pale Eneo la Viwanda, Thika, wenzangu wakikohoa pamba, mimi napiga mluzi. Na maji nilikunywa ya mto Chania bila kuchemsha. Kuna mwenzangu alichemsha hata ya kuoga, na bado kila mvua ikinyesha alilala wiki. Lakini hayo tuyaache.

Basi kijana wangu anayekaa Gitothua, huko Ruiru, akapata mtoto wa kwanza, mvulana. Kwetu huyo hupewa jina la baba ya baba yake, kwa hivyo mtoto ni mimi. Hata mama yake humwita mzee. "Mzee amejikojolea tena," anasema kwa simu, nami huku Thika najiangalia. Nilitamani sana kumshika.

Siku ya kwenda nilikuwa na kikohozi, kidogo tu. Mlangoni mke wa kijana wangu, ambaye sasa huniita guka, yaani babu, akanielekezea kibunduki cha kupima joto kwenye paji la uso.

"Pole, guka. Mwenye joto hashiki mtoto."

Kikalia. Sina joto. Nikanyoosha mikono.

"Usimpe!" Mke wangu huyo, cucu wa mtoto, nyuma yangu. "Huyu ni mgonjwa."

"Lakini cucu, mashine imesema ni mzima."

"Mashine imeishi naye? Tangu asubuhi hajabishana na mtu. Nimemwambia hiyo shati ni mbaya, akaenda akaitoa!"

Kweli niliitoa. Hapo hata mimi nikaogopa.

Wakanipeleka kliniki ya karibu. Daktari, msichana tu, akasikiliza kifua akasema ni nimonia.

"Na joto liko wapi?" nikamuuliza.

"Guka, joto ni askari wa mwili wakipigana. Mtu akizeeka wanapungua nguvu, tena wanachelewa kuamka. Ugonjwa unaingia na joto halipandi. Kwa wazee tunaangalia kama mtu amekataa chakula, ama amebadilika tabia."

"Amebadilika," mke wangu akasema. "Amekuwa mzuri."

Nilimeza dawa mpaka nikapona. Tukarudi Gitothua, nimenyoa, nimevaa koti. Kumbe safari hii mtoto ndiye ana homa, makamasi mpaka kidevuni.

"Leo ni wewe tunakukinga, guka," mama yake akasema. "Askari wake wanajifunza kazi, atapona. Wale wako nao..."

Hakumaliza, ana heshima zake.

"Nimetoka Thika kuangalia mlango?"

"Kaa hapo, guka."

Tukavutana hivyo mpaka tukakubaliana nipewe mguu. Akamlaza begani, uso kule, akamvua soksi. Nikanawa mikono nikashika kisigino. Mtoto akanipiga teke. Sikukiachilia mpaka chai yangu ikapoa.