Neno Asilolisahihisha

Kila Ijumaa, kabla sijafunga bucha niende msikitini, huja mteja mmoja na vitabu vya majeshi kwapani. Anafundisha mambo ya ulinzi chuoni, hapa Embu. Vidole vyake havikosi wino mwekundu, na mdomo wake haukosi la kusahihisha. Nikisema jeshi fulani kwenye habari limekimbia, atasema, "Halijakimbia, Jamaldin. Limerudi nyuma. Kuna tofauti kubwa." Lakini siku ya kwanza nilipoona vile vitabu, na kichwa kimenyolewa safi, nilimwita afande. Akavua miwani, akaifuta polepole, akaagiza nusu kilo bila mfupa. Neno hilo hajawahi kulisahihisha. Mwezi jana vijana waliokuja kusajiliwa jeshini walipita hapa mbio, namba zimeandikwa kwa kalamu mikononi. Aliacha sentensi katikati, akasimama wima mlangoni na nyama yake, ulimi ukipapasa pengo la jino lake la mbele, mpaka wa mwisho akapinda kona. "Huwa wanaangalia meno kwanza," akasema, na mimi sikuwa nimeuliza chochote.

Binti yangu Jamilah ni mwanafunzi wake. Jioni hiyo akaniambia, "Baba, si uache kumwita afande? Yule hajawahi kuvaa hata buti." Nikamwambia najua. Ijumaa iliyofuata nilimwona mwalimu wake akivuka barabara, nikapangusa kisu. "Nikukatie wapi leo, afande?" Akanyoosha mgongo kwanza, ndipo akajibu.