Kuku wa Kula Sisi

Petronila wa Butiama hali kuku wa banda lake. Majirani wanalijua hilo na humtania kwamba mfugaji asiyeonja mfugo wake ana lake jambo. Yeye hucheka tu. Nyuma ya nyumba anafuga matetea wawili wa kienyeji wanaokunywa maji matupu, na hao huwaita "wa kula sisi." Kuku wa kisasa walio bandani ni wa kuuza.

Maji ya hao wa kuuza hayajawahi kuwa matupu. Tangu siku vifaranga wanaposhushwa, huwakorogea unga wa dawa ya kuua vijidudu, wawe wagonjwa au wazima. Bwana mifugo, Baltazari, amemwambia hadi mate yakamkauka: dawa ni ya mgonjwa, na ukishaitumia usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, maana inabaki kwenye nyama. Akamshauri awape vijidudu vizuri, vile vinavyochanganywa kwenye chakula ili vilinde tumbo la kuku. Petronila aliangua kicheko. Vijidudu vizuri! Basi kuna na wezi wazuri? Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Mwaka fulani banda zima lilikufa kwa kuhara, na tangu hapo kuku mmoja akikohoa, usingizi humruka.

Wiki moja walikohoa. Dukani safari hii alikuta penisilini ya mifugo tu, akaikoroga, na kesho yake Stanislausi, mchuuzi wa Musoma, akaja na tenga lake. Petronila akawauza hivyo hivyo. Kila mfugaji hufunga alama yake mguuni ili kuku wasichanganyike kabla ya kupimwa uzito. Yake ni kipande cha kitenge cha zambarau, kilichochanwa kwenye sare kuukuu ya kwaya.

Haukupita muda simu ikaita: binti yake Grace amejifungua salama, na sasa yuko nyumbani kwa mumewe Revocatus, mtaa wa Iringo. Petronila akakamata tetea mmoja nyuma ya nyumba, akapanda bodaboda kwenda Musoma huku anaimba.

Wimbo ulimkatikia uani kwa wakwe. Kando ya karai la manyoya kulikuwa na miguu miwili ya kuku, na mmoja bado ulikuwa umefungwa kitambaa cha zambarau.

Grace alipokuwa mdogo alichomwa sindano ya penisilini kwenye zahanati. Uso ulivimba, koo likabana, midomo ikawa rangi ya majivu. Tabibu alimrudisha kwa taabu, akaonya kwamba mtoto huyo asiiguse tena dawa hiyo maishani. Petronila alimbeba mgongoni kurudi nyumbani, na hofu ile hakuwahi kuitua.

Akaingia ndani bila hodi. Grace alikuwa kitandani na bakuli mkononi. Esta, mama yake Revocatus, amekaa pembeni akimhimiza anywe. Petronila akalipokonya bakuli, supu ikamwagika kwenye kanga.

Kumnyang'anya mzazi supu mbele ya mama mkwe wake ni tusi lisilohitaji maneno. Esta alimkazia macho. Petronila akajaribu uongo mdogo: binti yake hapendi kuku wa kisasa, ndiyo maana amemletea wa kienyeji. Grace alishangaa, akasema supu ni tamu na ameshakunywa mafunda mawili.

Mafunda mawili. Petronila akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akamkagua midomo, kope, shingo. Grace naye akaanza kuogopa. Uongo haukuwa na kazi tena.

"Mkwe, tutafute gari la hospitali," alimwambia Esta. "Huyo kuku ni wa kwangu. Nilimnywesha ile dawa iliyotaka kumuua Grace."

Revocatus alikimbilia gari la jirani. Hospitalini walimlaza Grace wakimwangalia mpaka jua likapungua. Hakuvimba. Daktari alisema safari hii amenusurika, lakini wasimjaribu Mungu, akawaruhusu waondoke. Hapo ndipo Petronila alipolia, akidhani yamekwisha.

Esta hakulia. Alikuwa kwenye benchi na mjukuu mapajani, akaongea taratibu kama mtu anayejihesabia mambo yake mwenyewe.

"Stanislausi anatuleteaga kuku kila Jumapili. Tunachaguaga mwenye kitambaa chako, mkwe. Tunasemaga tumuungishe mwenzetu. Nyumba nzima tunakula, na watoto."

Petronila alinyoosha mikono ampokee mtoto.

"Na huyo tetea uliyekuja naye leo?" Esta aliuliza. "Naye umemnywesha?"

Petronila alitazama sakafu. Jibu alikuwa nalo, na alijua litakavyosikika.

"Huyo hapana," alisema. "Huyo ni wa kula sisi."