Siku Binti Yangu Aliponambia Anaumwa

Tulihama Matemwe binti yangu wa kwanza akiwa na miaka kumi na sita. Baba yake alipata kazi ya useremala mjini, tukapewa vyumba viwili Jang'ombe, nyumbani kwa wifi yangu. Mimi niliacha kilimo cha mwani nikaona nimepumzika. Binti yangu aliacha kila rafiki aliyekuwa naye.

Miezi ya mwanzo akirudi skuli analala. Chakula anakidonoa tu, nywele hataki kusukwa. Darasani walimcheka kwa lafudhi yake ya shamba, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilimwita mvivu, tena mbele ya wifi yangu. Ikafika akawa anazungumza ulimi mzito, macho yamelegea, nami nikadhani ni usingizi.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa nakuna nazi, yeye anachambua mchele. Akaliweka sinia chini.

"Mama, mimi si mvivu. Nnaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Moyo hautaki kitu. Nnakunywa dawa ya kikohozi, chupa nzima, ili nisihisi. Na vidonge pia, nnapewa na mwenzangu wa skuli. Nshajaribu kuacha. Peke yangu siwezi."

Mkono uliniinuka kumpiga. Hakurudi nyuma. Machozi yanamtoka, akasema, "Nipige, lakini kisha nipeleke hospitali."

Nikaushusha. Nimezaa watoto wanne, nikazika mmoja, na nimeona watu wazima wakikabili makubwa. Ujasiri kama ule sijauona.

Wifi yangu alitaka asomewe dua na mambo yaishie ndani. Alisomewa, na tulishukuru. Jumatatu nikampeleka hospitali. Daktari aliponiomba nitoke nje, binti yangu akasema, "Mama akae. Nnataka asikie." Nikakaa, nikasikia yote, na mengine yalinihusu mimi. Nilimwomba radhi pale pale.

Haikwisha kwa siku moja. Mwezi wa tatu wa matibabu alirudia kunywa, na jioni ile ile akanipa chupa mkononi kabla sijauliza. Baba yake, mtu wa maneno machache, akaanza kuomba ruhusa kazini kila wiki amsindikize kliniki. Jirani akiwauliza waendako, alijibu kwa sauti, "Nampeleka binti yangu kwa daktari." Wifi yangu alikuwa akijificha uso. Baba yake hakujificha, na mtoto akajifunza kutembea karibu naye bila kuinamisha kichwa.

Sasa ana miaka ishirini, anasomea ualimu. Kidonge cha kulewa hajakigusa muda mrefu, alhamdulillahi. Bado zipo siku hainuki kitandani. Siku hizo hunambia mapema, nami huacha ninachofanya nikakaa naye.