Tundu la Pertinax

Mohanlal, muuza vitambaa wa Thika, alikuwa mtu mwema kwa kila jambo isipokuwa sarafu. Hapo wema wote ulimtoka. Kwa miaka ishirini alikuwa amekusanya sarafu za fedha za wafalme wa Roma, akiziagiza moja moja London kwa barua, akizichunguza kwa lenzi mpaka macho yakamchonyota: herufi, ndevu, umbo la pua. Alizipanga kwenye droo yenye mahameli, kila mfalme na tundu lake. Tundu moja tu lilibaki tupu, la Pertinax. Huyo alitawala miezi mitatu haikutimia, akauawa, kwa hiyo sarafu zake ni adimu.

Basi mwaka wa 1956 akaja rafiki yake Navnit, muuza misumari wa Ruiru, mtu ambaye hata gazeti halimalizi.

"Mohanbhai, hii nimeikuta kwenye bakuli la ibada la marehemu mama. Ni kitu gani?"

Mohanlal akaisogeza kwenye lenzi. Ndevu ndefu. Herufi PERTIN. Yeye barua, stempu na kungoja miaka yote hiyo, halafu huyu anaokota tu ndani ya bakuli! Alimwonea kijicho.

"Bandia, Navnitbhai," akasema bila kupepesa. "Wanawatengenezea watalii kule Bombay. Niachie tu, nitaichezea."

"Aa, fedha ni fedha," Navnit akacheka, akaitia mfukoni.

Mohanlal hakukata tamaa. Alipanga kungoja mwezi upite, kisha aiombe tena kama mzaha, asije akashukiwa. Alikwisha kupangusa vumbi kwenye lile tundu.

Mwezi haujaisha, bintiye Ansuya akajifungua. Siku ya kumpa mtoto jina marafiki walileta vitu vya fedha, kama desturi yao. Navnit akatoa bangili ndogo inayometameta.

"Ni ile bandia yako, Mohanbhai! Sonara ameiyeyusha, anasema fedha yake ni safi ajabu. Nikaona afadhali avae mjukuu wetu."

Vimla, mkewe Mohanlal, akamvisha mtoto huku akimshukuru mgeni. Mohanlal akaushika ule mkono mdogo, akaizungusha bangili polepole, akitafuta walau herufi moja.

"Ona babu alivyofurahi," Navnit akasema, "mpaka machozi."